Daftari la Makaburi Liko kwa Nani?

Mwaka 1968 Dar es Salaam ilihitaji barabara mpya, na njia yake ikaangukia makaburi ya Ocean Road. Makaburi 660 ya vita yaliyokuwa pale yalilazimika kupisha. Yalihamishiwa kando ya barabara ya Bagamoyo, kwenye uwanja unaotunzwa hadi leo. Kaburi lililokuwa na alama lilihama na jina lake. Lakini kulikuwa na viwanja vingine ndani ya makaburi yale ya zamani: cha Waafrika Wakristo, cha Waislamu, na cha Waafrika waliokuwa nje ya dini hizo mbili. Huko makaburi hayakuwa yamewekewa alama moja moja. Yalipofukuliwa, hakukuwa na namna ya kusema huyu ni nani na yule ni nani. Wakazikwa upya kwa pamoja, kila kundi na ukuta wake wa kumbukumbu.

Ukisikia habari hiyo unaweza kuilaumu barabara. Barabara haikuwa na kosa. Kosa lilitendeka nusu karne kabla yake, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale mtu alipofukiwa na aliyekuwa na wajibu wa kuandika hakuandika. Baada ya hapo ilibaki kusubiri tu siku ambayo mtu mwingine atauliza.

Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi mzuri sana: kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Afrika Mashariki msingi huo haukufuatwa. Ripoti ya tume yenyewe, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa popote kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Katika hao wamo wapagazi, wale waliobeba risasi na unga porini kufuata majeshi, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitamka kila siku tukienda sokoni Kariakoo. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Radhi tumeipokea, lakini haiwezi kurudisha orodha ambayo haikuandikwa.

Naanza na habari hiyo kwa sababu jambo lilelile linaendelea kutokea sasa hivi, kwenye makaburi ya mitaa yetu, tena kwa mikono yetu wenyewe. Tunazika vizuri. Sijui watu wengi duniani wanaojitokeza kwa wingi kama sisi kumsindikiza marehemu, wanaochanga, wanaopika, wanaolala matangani. Kisha tunaondoka. Baada ya arobaini, kaburi linabaki mikononi mwa mvua, mbuzi na kumbukumbu ya mchimbaji.

Nilikwenda kuonana na msimamizi wa makaburi ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam, mzee ambaye ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda ndani kwake na kurudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kauntabuku lenye jalada gumu, kurasa zake zimeliwa na mchwa upande mmoja. Aliliweka mapajani kama kitu cha thamani, na kwa kweli ni cha thamani.

“Hili ndilo, mwanangu,” alisema. “Lingine lilikuwa kwa mwenzangu. Alipofariki sikuliona tena.”

Kurasa za mwanzo zilikuwa na mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na shule ya zamani. Tarehe, jina, umri, alikofia. Baadaye mwandiko ulibadilika, safu zikapungua. Nikakuta mstari umeandikwa “Mama Zai”. Mwingine “Babu wa kwa fundi baiskeli”. Mwingine “Kichanga”, na tarehe, basi. Siku ile ya msiba kila mtu mtaani alimjua Mama Zai, na huenda aliyeandika aliona kuandika jina lake la kuzaliwa ni kama kumfanya mgeni. Lakini Zai naye atahama, atazeeka, atakufa. Mjukuu wake akija miaka arobaini baadaye na cheti chenye majina matatu ya bibi yake, daftari halitamjibu chochote.

Nikamuuliza mzee makaburi ya ukurasa ule yako upande gani. Alisimama, akanyoosha mkono kuelekea mwarobaini mkubwa, akaanza kutaja: pale fulani, anayefuata fulani, hapa palikuwa na mkewe fulani. Alitaja makumi ya watu bila kutazama karatasi. Hakuna hata mmoja katika hao ambaye mahali pake pameandikwa ndani ya kauntabuku. Daftari lilisema nani amezikwa na lini. Jibu la wapi alikuwa nalo kichwani. Mzee huyo ana umri mkubwa na afya yake si ya kuringia, na hakuna kijana aliyewahi kutumwa kukaa naye aandike anayoyajua.

Hapo ndipo penye pengo la makaburi yetu mengi, na watu hawalioni kwa sababu wanadhani karatasi za serikali zimeliziba. Hazijaliziba. Kibali cha mazishi kinaruhusu maiti izikwe. Cheti cha kifo, ambacho Tanzania Bara hutolewa na RITA, kinathibitisha kwamba mtu amefariki, lini na wapi alifia, na ndicho utakachoulizwa mahakamani ukifungua mirathi au benki ukifuatilia akaunti. Kenya nako, kifo cha hospitalini hujazwa fomu D1 na cha nyumbani hujazwa D2 kupitia kwa naibu chifu, kisha kibali cha kuzika hufuata. Zote ni karatasi muhimu, na anayezembea kuzifuatilia huwaachia watoto wake mzigo. Ila hakuna hata moja kati yake itakayokupeleka mbele ya kaburi. Aliyefia hospitali ya Muhimbili anaweza kuzikwa popote nchini. Kitu pekee kinachoweza kukuonyesha alipolala ni kumbukumbu ya makaburi yenyewe, na hiyo hutegemea yule mzee na kauntabuku lake.

Kwa muda mrefu uzembe huu haukutuumiza sana kwa sababu ardhi ilikuwepo. Leo haipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na makaburi ya katikati ya jiji hayajaongezeka hata hatua moja, kwa kuwa yamezungukwa na nyumba, maduka na barabara. Makaburi ya Kinondoni yamesemwa yamejaa kwa miaka mingi, na bado watu wanazikwa. Kaburi la mwigizaji Steven Kanumba, aliyezikwa pale Aprili 2012 mbele ya umati uliofunga barabara, halihitaji daftari ili lipatikane. Maelfu wanaolizunguka wanalihitaji.

Nairobi walifika hapo mapema zaidi. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na katika utaratibu wake kuna kaburi la kudumu na kaburi la muda, yaani lile ambalo baada ya miaka kadhaa linaweza kutumiwa na mwingine. Baraza la jiji lilipojaribu kutafuta ardhi mpya, kati ya mwaka 2008 na 2009, lililipa shilingi milioni 283 za Kenya kwa ekari 120 huko Mavoko. Ardhi ikaonekana ni ya mawe, haifai kuchimbwa makaburi, na kilichofuata ni kesi za rushwa badala ya mazishi. Wakazi wa jiji wakaendelea kubanana palepale Lang'ata.

Ikiwa ardhi mpya ni ghali na iko mbali, basi watu watazikwa juu ya watu. Nalisema jambo hilo waziwazi kwa sababu kulikwepa hakusaidii. Na si jambo la aibu likifanyika kwa utaratibu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu kaburi kutumika tena pale mwili wa kwanza unapokuwa umeshageuka udongo. Familia nyingi za Kikristo humzika mume na mke, au mama na mtoto, katika kaburi moja kwa hiari yao. Kinachotia uchungu ni kuchimba kwa kubahatisha. Mchimbaji anaanza asubuhi, kaburi linahitajika saa saba mchana, jembe linagonga mfupa. Anafukia, anasogea hatua mbili, anaanza tena. Akikutana na mfupa mwingine na wafiwa wako njiani na jeneza, unafikiri atafanya nini? Wachimbaji niliozungumza nao hawapendi kuulizwa swali hilo. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba wao hufanya heshima kadiri wanavyoweza, husogeza mifupa pembeni na kuifunika kwanza. Namwamini. Lakini hakupaswa kuachiwa uamuzi huo peke yake, akiwa shimoni, na jua la mchana kichwani. Daftari lenye tarehe na mahali lingemwambia kabla hajashika jembe: hapa alizikwa mtu mwaka 1961, pale mwaka 2015. Patumike pale pa kwanza, na jamaa za yule wa 1961, kama wapo, wapewe taarifa.

Sasa daftari la namna hiyo linaandikwaje? Nimeona kamati za misikiti, za parokia na za mitaa zikianza vizuri na kukwama, na mara nyingi zilikwama kwa kutaka mambo makubwa mno. Zilisubiri mfadhili, kompyuta, mtaalamu wa ramani. Kazi yenyewe inahitaji makauntabuku mawili, penseli na kalamu, futi ndefu ya fundi ujenzi, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka ambaye kamati imemkabidhi kazi hiyo mbele ya watu.

Majina yaandikwe yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti, kisha lile la mtaani, kwa kuwa ndilo majirani watakalolikumbuka. Jina la mama na baba wa marehemu liwepo, maana majina yetu yanafanana sana. Katika makaburi ya Waislamu wa mwambao hutakosa kina Juma Ali, Fatuma Hamisi na Salum Saidi kwenye kila mstari. Tarehe ya kufa na ya kuzikwa, namba ya kibali, na jina na simu ya ndugu wawili, si mmoja. Mwanamke aandikwe kwa jina lake. Akiwa ni Mama Zai aandikwe hivyo pia, lakini baada ya jina alilopewa na wazazi wake.

Kichanga nacho kiandikwe. Najua mila nyingi humzika mtoto wa siku chache bila mkusanyiko, na mama mara nyingi hafiki makaburini kabisa. Kwa sababu hiyohiyo ndiye mtu atakayehitaji daftari kuliko wote. Nimezungumza na mama aliyezaa na kufiwa siku hiyohiyo. Akiwa bado wodini, shemeji zake walikwenda kuzika. Leo watoto wake wengine ni watu wazima, na anachojua ni kwamba mtoto wake wa kwanza yuko “upande wa watoto”. Upande huo una ukubwa wa nusu uwanja wa mpira.

Mahali ndipo pagumu, na ndipo pasipotakiwa kurukwa. Eneo ligawanywe kwa bloki, bloki kwa mistari, mstari kwa namba. Pale makaburi ya zamani yalipokwenda ovyo bila mistari, kuna njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kuandika majirani: kulia kwake yupo nani, kushoto nani, kichwani nani, miguuni nani, kama tunavyowataja wanaopakana kwenye hati ya kuuziana shamba. Alama ya mmoja ikipotea, wanaomzunguka humtambulisha. Ya pili ni kupima kutoka vitu viwili visivyohama, tuseme kona ya ukuta na kisima: mita 14 na sentimita 30 kutoka konani, mita 22 na sentimita 10 kutoka kisimani. Vipimo viwili hivyo hukutana sehemu mbili tu, moja kila upande wa mstari unaounganisha kona na kisima, kwa hiyo uandikwe na upande: wa mashariki au wa magharibi. Mti usitumike kama kipo kitu kingine. Miti hukatwa.

Vijana watauliza kwa nini tusitumie simu. Tutumie, lakini tujue inachoweza. Ramani ya simu ya kawaida hukosea mita tatu hadi tano mahali pa wazi, na zaidi chini ya miti au kando ya majengo marefu. Makaburi yetu yanaachana kwa chini ya mita moja. Kwa hiyo simu itakufikisha karibu, kisha itakuacha katikati ya makaburi kumi na mawili ukichagua. Kazi ambayo simu inaifanya vizuri kuliko kitu chochote ni kupiga picha kurasa za daftari. Kila mwisho wa mwezi kurasa mpya zipigwe picha na kutumwa kwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti. Kauntabuku la pili likae ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa katibu wa msikiti, au parokiani. Nyumba inaungua, mchwa anakula, msimamizi anafariki na watoto wake wanadhani ni makaratasi ya taka. Nakala moja ni sawa na kutokuwa nayo.

Halafu alama iwekwe ardhini, kwa sababu namba iliyo kitabuni tu haimsaidii mchimbaji. Kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi hakivuki masika mengi. Msalaba wa chuma unaweza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na wenye makaburi Dar es Salaam wanalijua hilo kwa uchungu. Marumaru nayo hubanduliwa. Kigingi cha saruji kisichozidi urefu wa mkono, kilichozikwa robo tatu, chenye namba iliyochorwa kwa msumari kabla saruji haijakauka, hakina bei kwa mwizi yeyote. Na kitu kilichochorwa kikiwa kibichi hudumu. Pale Gede, karibu na Malindi, lipo kaburi linalojulikana kwa tarehe yake: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladia, kwa herufi za Kiarabu kwenye plasta. Mji wenyewe ulihamwa, msitu ukaumeza, paa zikaanguka, na tarehe ikaendelea kusomeka. Watafiti waliochimbua magofu yale katikati ya karne iliyopita waliitumia kukadiria umri wa vilivyokuwa karibu nayo. Mwambao huu ulikuwa unajua kuandika makaburi miaka 600 iliyopita.

Wapo ndugu zangu Waislamu wanaosita, wakiona kwamba kuweka alama ni kukaribia kulipamba kaburi, na dini imekataza kujengea na kutukuza makaburi. Hofu yao ina msingi na ni ya kuheshimiwa. Lakini imepokelewa katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue na awazike jamaa zake karibu naye. Jiwe la kutambulia lina nafasi yake, na kigingi chenye namba hakizidi jiwe.

Wanaopaswa kuonywa zaidi ni wale wanaojenga makubwa. Familia yenye uwezo inakuja na fundi, inaweka zege, vigae, nguzo nne, mnyororo na wakati mwingine paa. Kaburi moja linakula nafasi ya matatu na kuziba njia. Wanaobeba jeneza la mwingine wanalazimika kukanyaga makaburi ya watu kufika wanakokwenda. Nimeona wazee wakivusha jeneza juu ya mnyororo wa kaburi la jirani, mmoja nusura aanguke nalo. Kamati inayotunza makaburi ya pamoja iwe na kipimo kimoja kwa wote, kiandikwe ukutani pale langoni, na mwenye fedha akitaka kuonyesha mapenzi yake kwa marehemu achangie ukuta wa makaburi yote.

Kuhusu matunzo ya kila siku sina mengi, maana kila mtu anayajua na hayafanywi. Nyasi zifyekwe, zisichomwe: moto wa kiangazi ndio unaomaliza misalaba ya mbao na kupasua mawe. Maji ya mvua yaelekezwe kwa mfereji kabla hayajafukua makaburi ya bondeni. Njia zibaki wazi. Wakatoliki wana Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, na parokia nyingi husafisha makaburi kabla ya kuyabariki. Wamoravian hukutana makaburini alfajiri ya Pasaka, na kwa ajili hiyo hufyeka na kupaka chokaa siku zilizotangulia. Siku hizo ndizo za kuhakiki daftari. Watu wapo, wazee wapo, kila familia imesimama kwenye kaburi lake. Mwandishi apite na kauntabuku, aulize, aandike. Asubuhi moja kama hiyo inaweza kukusanya majina ambayo mwaka mzima wa kuzunguka nyumba kwa nyumba usingeyapata.

Na fedha? Tunazo. Katika msiba wa kawaida tunachangia turubai, viti, chakula, usafiri, sanda au jeneza. Kila msiba ungetenga sehemu ndogo ya rambirambi kwa ajili ya kigingi, ukurasa wa daftari na mfyekaji, makaburi yangetunzika bila kusubiri mtu. Risiti itolewe, na hesabu isomwe hadharani mara moja kwa mwaka, maana fungu la makaburi lisilosomwa huwa na tabia ya kuyeyuka. Nimependekeza hivyo kwenye kikao cha mtaa na nikaambiwa kwamba si adabu kuzungumzia fedha za daftari wakati watu wana majonzi. Basi zizungumziwe sasa, kabla ya msiba.

Wanaozika shambani kwao wanaweza kudhani hayawahusu. Yanawahusu pengine kuliko wote. Kwenye kihamba cha Mchagga, masale yaliyopandwa makaburini huonyesha walipolala wazee, na kwa vizazi vingi ilitosha, kwa sababu aliyezaliwa pale alikaa pale. Leo kihamba kinagawanywa, kinauzwa, mnunuzi anatoka mbali na masale kwake ni majani kama majani mengine. Mkiandikishana mauzo bila kutaja makaburi, idadi yake, majina na haki ya ndugu kuingia kuyatunza, mtakuwa mmewauza na wazee wenu humohumo.

Siku serikali ikihitaji eneo kwa barabara au reli, Tanzania inayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inataka taarifa itolewe, inawatambua wenye uhusiano na kaburi, na fidia yake hulenga gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya matambiko au ibada zinazoendana na kazi hiyo. Lakini mwenye uhusiano ni lazima ajitokeze na aonyeshe kaburi lake ni lipi. Kaburi lisilo na jina halina wa kujitokeza. Linakuwa namba kwenye orodha ya mkandarasi, kama wale wa Ocean Road.

Kwa kamati itakayoamua kuanza, ianze na wanaozikwa wiki hii. Hilo ni rahisi na linazuia hasara isiongezeke. Kisha wawatafute wasimamizi na wachimbaji wazee, wakae nao palepale makaburini, na mtu anayeandika asimame penye kaburi linalotajwa, si chini ya mti. Wazee wawili waulizwe kwa nyakati tofauti. Wakikubaliana, jina liandikwe kwa kalamu. Wakitofautiana, yaandikwe yote mawili kwa penseli pamoja na majina ya waliosema. Mahali ambapo hakuna anayejua, kaburi lipewe namba yake vilevile, lipimwe, na kwenye safu ya jina iandikwe “hajulikani”, na tarehe ilipoulizwa. Asije mtu akajaza kwa kukisia ili ukurasa upendeze: familia ikishapeleka maua na dua kwenye kaburi la mwingine kwa miaka kumi, kuwaambia ukweli ni kuwafisha ndugu yao mara ya pili. Nafasi iachwe wazi pembeni. Makaburini huja watu, siku za sikukuu hasa, na mara nyingine mgeni mmoja anayajua majina matatu ambayo mtaa mzima umeyasahau.